Kiti cha ubao wa nne

Wamama wapendwa, majuma haya wengi wenu mmeona watoto wakirudi nyumbani na karatasi ngumu iliyochorwa vyumba vyeusi na vyeupe, pamoja na mfuko wa vifuniko vya chupa. Wengine mmenisimamisha njiani, mkaniuliza: mwalimu, ni mchezo gani huu unaowafanya watoto wakae kimya saa nzima wakitazama karatasi? Ni sataranji, ule mchezo ambao kwa masomo wanauita kwa Kifaransa échecs. Leo sitaeleza mchezo wote, ni mrefu. Nitaeleza mechi ya timu na namna inavyofunguliwa, kwa sababu hapo ndipo mchezo huu unaingia mpaka jikoni kwetu.

Wengi wanafikiri sataranji ni jambo la watu wawili tu. Ndiyo, kwenye ubao wanakaa wawili. Lakini katika mashindano ya timu, au ekipe kama tunavyosema hapa, mara nyingi wanapangwa wachezaji wanne kila upande. Mwenye nguvu zaidi anakaa ubao wa kwanza, anayemfuata ubao wa pili, hivyo hivyo mpaka wa nne. Michezo yote minne inaanza saa moja. Anayeshinda analeta pointi moja, sare ni nusu pointi kwa kila mmoja, anayepoteza haleti kitu. Jumla ni pointi nne, na timu inayofika mbili na nusu imeshinda mechi. Wakiwa wameanza, hakuna wa kumnong'onezea mwenzake. Kila mtoto yuko peke yake na kichwa chake, huku wenzake watatu wakimtegemea.

Angalieni hesabu hiyo vizuri. Pointi ya ubao wa nne ina uzito sawa na pointi ya ubao wa kwanza. Bingwa wa timu hawezi kuleta pointi mbili hata akishinda kwa uzuri gani. Hata katika Olimpiadi ya sataranji, ambapo nchi zinashindana kila miaka miwili, ni hivyo hivyo. Zamani timu za wanawake zilikuwa na mbao tatu. Tangu Olimpiadi ya Dresden, Ujerumani, mwaka 2008, ni nne, na kinachohesabiwa kwanza ni mechi ambazo timu imeshinda. Kuanzia hapo timu yenye nyota mmoja na wenzake wasiotayarishwa haina pa kujificha.

Mwaka jana timu ya watoto wetu ilicheza na timu ya masomo ya jirani, siku ya Jumamosi mchana. Ubao wa kwanza tulishinda. Wa pili ulikuwa sare. Wa tatu tulipoteza. Kwenye ubao wa nne kiti cha msichana wetu kilikuwa kitupu. Saa iliwashwa kama sheria inavyotaka, dakika zake zikaliwa mpaka zikaisha, na mwamuzi akaandika sifuri. Tulipoteza kwa moja na nusu dhidi ya mbili na nusu. Angekuwepo akapata hata sare, tungetoka sawa.

Alifika tulipokuwa tunakusanya vifuniko. Bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka tangu asubuhi, na kwenye kisima foleni ilikuwa ndefu. Kaka yake wa miaka kumi na mitano alikuwa nyumbani, amelala. Simsemi mama yake vibaya. Maji hayangoji mchezo, na mama aliyetoka sokoni na jua kichwani anamwita mtoto aliyezoea kuitika. Ila tujiulize kwa nini anayezoea kuitika ni yule yule kila siku.

Sasa nije kwenye ufunguzi, kwa maana kiti hicho kilikuwa na kazi ya miezi nyuma yake.

Ubao wa sataranji una vyumba 64. Mistari ya kwenda juu ina herufi, kutoka a mpaka h, na mistari ya kulala ina namba, kutoka 1 mpaka 8. Kwa hiyo kila chumba kina jina lake, kama vile parsele zetu zina namba kwenye avenyu. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, askari wanane, na kete mbili ambazo Wafaransa wanaziita fou, mwenda wazimu, wakati Waingereza wanaziita askofu. (Msiniulize ni nani kati yao anasema kweli.) Ufunguzi ni ile miendo ya kwanza, nane, kumi au kumi na miwili, ambapo kila upande unatoa kete zake nyumbani na kuzipanga kabla ya vita yenyewe.

Watoto wanaoanza karibu wote wanapitia mtego mmoja. Kifaransa kinauita coup du berger, pigo la mchungaji. Mweupe anasukuma askari wa mbele ya mfalme mpaka e4, mweusi anajibu kwa askari wake e5. Mweupe anatoa fou yake mpaka c4, mweusi anatoa farasi mpaka c6. Kisha mweupe anamrusha malkia mpaka h5. Sasa malkia na fou wote wanatazama chumba kimoja, f7, ambacho hakuna anayekilinda isipokuwa mfalme mwenyewe. Mtoto asiyejua anaona malkia amemkaribia, anakasirika, anatoa farasi wa pili mpaka f6 ili amfukuze. Malkia anakula f7, na ni mati. Mchezo umeisha kwa miendo minne, kabla bukari haijaiva.

Nimeona watoto wakilia kwa pigo hilo. Na dawa yake ni ndogo sana: malkia akifika h5, sukuma askari wa g hatua moja mpaka g6. Malkia anafukuzwa. Akienda f3 kutazama f7 tena, sasa ndipo unatoa farasi mpaka f6, anaziba njia, na hatari imekwisha. Zaidi ya hapo, mweupe amepoteza muda akikimbiza malkia huku na huku, wakati mweusi ametoa kete zake kwa utulivu.

Lakini kuna jambo ambalo kama mwalimu linanipendeza kuliko dawa yenyewe. Mchezaji mwingine hangoji. Anamtoa malkia mapema, kwenye mwendo wa pili, kabla farasi wa c6 hajatoka. Mtoto aliyekariri tu kwamba "malkia h5, jibu ni g6" anasukuma g6 mbio mbio. Kumbe askari wake wa e5 hana mlinzi. Malkia anamla askari huyo, anampa mfalme shaha, na wakati huo huo anaona njia nyeupe mpaka kwenye mnara wa pembeni kule h8. Mwendo unaofuata mnara umeliwa. Jibu ni lile lile, ila limekuja kabla ya wakati wake. Mtoto aliyeelewa angetoa kwanza farasi wa c6 kumlinda askari. Tofauti ya watoto hao wawili ni Jumamosi tatu au nne za kukaa na mtu anayewauliza: kwa nini?

Msichana wetu wa ubao wa nne alikuwa amejifunza ufunguzi unaoitwa ulinzi wa Kifaransa. Mweupe akija e4, wewe hujibu e5; unasukuma e6, hatua moja tu, na baadaye d5. Ni kama kujenga ukuta kwanza kabla ya kununua viti. Mfalme anakaa salama, na adui akitaka kuingia lazima avunje kitu. Kasoro yake ni kwamba fou mmoja, yule anayeanzia c8, anabaki amefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na kumtoa kunataka subira. Nilimchagulia ufunguzi huo kwa sababu ni msichana mvumilivu, na kwa timu, ubao wa nne usioanguka haraka ni dhahabu. Wenzake wakiona yeye bado amesimama, wanacheza bila hofu.

Jina hilo, ulinzi wa Kifaransa, lilitoka kwenye mechi ya timu. Kuanzia mwaka 1834 mpaka 1836 wachezaji wa Paris na wa London walicheza kwa barua. Kila mji ulikuwa timu: wanakutana, wanabishana, wanakubaliana juu ya mwendo mmoja, wanauandika na kuutuma. Paris walijibu kwa e6, wakashinda, na dunia ikaupa ufunguzi huo jina la nchi yao. Miaka kumi kabla, mwaka 1824, mji wa Edinburgh kule Scotland ulianza kucheza na London kwa njia hiyo hiyo, na mechi hiyo iliyoisha mwaka 1828 iliacha ufunguzi unaoitwa mpaka leo wa Kiskoti. Kwa hiyo hata miendo ambayo mtoto anaicheza peke yake kwenye kiti chake ilitafutwa na watu wengi waliokaa pamoja. Ninawaambia watoto: ufunguzi ni kama supu ya pamoja, aliyekosekana wakati wa kuchanga ataonja tu.

Mama mmoja aliniambia: mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu na ya watu wenye pesa. Basi twende karibu zaidi, Uganda, kwenye mtaa wa Katwe jijini Kampala. Ni mtaa wa watu maskini. Mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani. Huko Robert Katende alianza kufundisha watoto sataranji, na kwenye mazoezi walikuwa wanapewa uji. Mwaka 2005 msichana wa miaka kama tisa, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake mpaka hapo. Baba yake alikuwa amekufa. Alikuwa ameacha masomo kwa kukosa pesa, na alikuwa akiuza mahindi barabarani. Mama yake, Harriet, alikuwa akiamka usiku wa manane kwenda kununua maavoka na biringanya za kuuza tena sokoni. Aliyemwonyesha Phiona namna kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye, anaitwa Gloria.

Mwaka 2009 Phiona na wavulana wawili wa Katwe, Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya, walikwenda Juba kwenye mashindano ya watoto wa Afrika. Walicheza kama timu, na timu yao ikarudi na ushindi. Mwaka uliofuata Phiona alikuwa kwenye timu ya wanawake ya Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi. Mchezo wake wa kwanza alikutana na bingwa wa Kanada, akapoteza. Akapoteza na mingine. Kisha akamshinda mchezaji wa Ethiopia. Ninasimulia na kupoteza kwake kwa makusudi, kwa maana watoto wetu wakipoteza mara mbili wanataka kutupa ubao. Wapinzani wake wengi kule walikuwa na vitabu na walimu tangu utoto, na ufunguzi ndio mahali ambapo pengo hilo linaonekana kwanza: mwenye akili sawa na wewe lakini aliyejitayarisha anakuacha nyuma kabla mwendo wa kumi na tano haujafika.

Phiona alirudi Katwe akaendelea kujifunza. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, Uturuki, yeye na mwenzake wa timu, Ivy Amoko, walipata cheo cha shirikisho la dunia, FIDE, ambacho kwa kifupi kinaitwa WCM, ngazi ya chini ya vyeo vya wanawake. Sataranji ilimrudisha masomoni kwa msaada wa wafadhili, na baadaye ikampeleka chuo kikuu cha Northwest, katika jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 2016 filamu ilitoka juu ya maisha yake, na Lupita Nyong'o wa Kenya akaigiza nafasi ya mama. Filamu inapendeza. Ila mimi ninachofikiria zaidi ni zile siku zote Harriet alipokuwa na kazi ya kumpa binti yake, na bado binti akafika mazoezini. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na wakati huo hakuna aliyejua litafika wapi.

Na kama bado mna shaka kwamba meza hii ni ya wanawake pia: kombe ambalo timu za wanawake zinagombea katika Olimpiadi lina jina la Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa wanawake wa dunia mwaka 1927. Alicheza na wanaume wakubwa wa zama zake na kuwashinda kadhaa. Alikufa London mwaka 1944 kwa bomu la vita. Olimpiadi ya kwanza ya wanawake ilifanyika Emmen, Uholanzi, mwaka 1957. Mwaka 2024, kule Budapest, wanawake wa India walichukua dhahabu. Hata kete yenyewe ina historia yake. Zamani, mchezo huu ulipokuwa kwa Waajemi na Waarabu, kando ya mfalme alisimama waziri, dhaifu, anatembea chumba kimoja kimoja tu. Ulaya wakamgeuza kuwa malkia, na karibu na mwisho wa miaka ya 1400 wakampa nguvu ya kutembea ubao mzima. Leo hakuna kete yenye nguvu kuliko yeye.

Tuje sasa kwenye yale tunayoweza hapa Kambove. Pesa si tatizo la kwanza. Ubao ni upande wa katoni ya sabuni, rula na kalamu. Kete ni vifuniko 32 vya chupa vyenye herufi juu, nusu vya rangi moja, nusu vya rangi nyingine. Saa inapatikana bure kama programu kwenye simu; inatosha simu moja kwa kila ubao, yaani nne kwa mechi nzima, na tunazirudisha salama kabla ya jioni. Kikundi cha likelemba kinaweza kutoa simu hizo nne bila mtu kutoa faranga.

Kinachokosekana ni saa mbili. Mazoezi ni Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Ninaomba kwa saa hizo, katika nyumba yenye msichana kwenye timu, bidoni ichukuliwe na mtu mwingine: kaka, binamu, hata baba akiwa hayuko zamu mgodini. Mahali ambapo hakuna mtu mwingine, wamama wa avenyu moja wapokezane. Juma hili mtoto wa Mama huyu anachota kwa nyumba mbili, juma lijalo wa mwenzake. Mnapokezana pesa bila kugombana, na maji mtaweza. Na siku ya mechi msimwambie binti "nenda ukimaliza." Hatamaliza, mnajua wenyewe kazi za nyumba. Mwambieni saa ya kuondoka.

Msichana niliyemsimulia bado yuko kwenye timu, na mechi ya marudiano itakuja muhula huu. Amependa abaki ubao wa nne. Ulinzi wake wa Kifaransa sasa anaujua mpaka mwendo wa kumi na moja, na ameanza kuwafundisha wawili wa darasa la chini, wote wasichana.

Kwa mama anayetaka kukaa mbele ya mtoto wake jioni na kumwonyesha kwamba anajali, aanze na kuweka ubao vizuri, maana hata watu wazima wanakosea hapo. Chumba cha kona kilicho karibu na mkono wako wa kulia lazima kiwe cheupe. Minara inakaa kwenye kona, kando yake farasi, kisha fou. Katikati vinabaki vyumba viwili. Malkia anachukua kile cha rangi yake, mweupe kwenye cheupe, mweusi kwenye cheusi, na mfalme anakaa kinachobaki. Askari wanane mbele. Mweupe ndiye anaanza.